Wikendi ya Halloween Loitokitok: ya bure yapo, lakini yana wenyewe

Kila ifikapo mwisho wa Oktoba, matangazo ya sherehe za Halloween hujaa kwenye simu za vijana wetu. Kiingilio cha klabu, nguo za kukodi, rangi za kujipaka usoni, chakula cha bei ya hoteli kubwa. Familia ya watu watano ikipiga hesabu ya nauli na tiketi, mshahara umekwisha kabla ya mwezi kwisha.

Makala haya ni mwongozo kwa wasomaji wa Pwani, pamoja na jamaa zao wanaoishi Kitengela, Kajiado mjini na Athi River, ambao wangependa kuitumia wikendi hiyo kwa gharama ndogo. Mahali ni Loitokitok, mji wa Kaunti ya Kajiado ulio chini ya Mlima Kilimanjaro upande wa kaskazini, karibu na mpaka wa Tanzania. Hapo na njiani kwenda hapo kuna mambo mengi yasiyo na kiingilio: mlima, gulio, mawe yaliyopewa jina la shetani, makaburi ya vita na hadithi za mazimwi.

Jambo moja lishikwe tangu mwanzo. Kitu kuwa bure hakuna maana kwamba hakina mwenyewe. Sehemu kubwa ya ardhi ya huku ni ya jamii ya Wamaasai, na wanaoishi juu yake hulipia kwa mifugo yao, na wakati mwingine kwa maisha yao, ili mgeni apite amwone ndovu bila kutoa senti. Anayelijua hilo hutembea vizuri na hupokewa vizuri.

Halloween ni nini, kwa ufupi

Ni usiku wa tarehe 31 Oktoba, mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote ambayo Wakristo huadhimisha tarehe 1 Novemba. Tarehe 2 Novemba Wakatoliki huwaombea marehemu wao. Desturi ya vinyago na taa za kutisha ilitoka Ireland na Scotland, ambako watu walikuwa wakichonga taa kwa mizizi minene ya shambani. Wahamiaji walipofika Marekani walikuta maboga, makubwa na rahisi kuchonga, na boga likawa alama ya usiku huo.

Kenya hii si sikukuu ya serikali. Ofisi na maduka hufunguliwa kama kawaida, matatu hazisimami, na hakuna siku ya ziada ya mapumziko kama ile ya Mashujaa, tarehe 20 Oktoba.

Zipo nyumba zisizotaka hata kulisikia jina la Halloween, na hiyo ni haki yao. Yote yaliyomo humu yanafanyika bila kinyago na bila kugusa itikadi ya mtu. Ni wikendi ya kutembea, kuona na kusimuliana.

Kufika

*Kwa treni hadi Emali.* Hii ndiyo njia nyepesi kwa mtu wa Mombasa asiye na gari. Panda treni ya SGR inayosimama vituoni, si ile ya moja kwa moja hadi Nairobi, maana hiyo haisimami Emali. Treni ya vituoni huondoka Mombasa asubuhi na hupitia Mariakani, Voi, Mtito Andei na Kibwezi. Tiketi hukatwa kwa simu kupitia *639#. Mtoto wa chini ya miaka 3 hasafiri kwa malipo, na wa miaka 3 hadi 11 hulipiwa nusu. Kata mapema, kwa sababu wikendi hujaa. Ukishuka Emali, chukua matatu ya Loitokitok. Ni mwendo wa takriban kilomita 100 za lami kupitia Mbirikani na Kimana.

*Kwa barabara kupitia Voi na Taveta.* Njia hii inawafaa wenye gari au kundi lililokodi matatu. Kutoka Voi unaingia Mwatate, Maktau na Taveta, kisha unaelekea kaskazini kupitia Njukini hadi Illasit na Loitokitok. Ni safari ndefu, lakini ina mambo ya kuona njiani, kama tutakavyoeleza.

*Kutoka Kitengela.* Rudi hadi makutano ya Athi River, shika barabara ya Mombasa hadi Emali, kisha kata kulia. Usidanganyike na ramani ukaelekea Kajiado na Namanga kwa kuwa Loitokitok nayo iko Kajiado. Kaunti ni moja, lakini kutoka Namanga kuelekea Loitokitok utapita Amboseli, na hifadhini hulipiwa.

Nauli za matatu hubadilika kwa msimu na kwa siku ya gulio. Kubaliana na kondakta kabla ya kupanda, na kama mko kundi, ulizeni bei ya kukodi gari zima kwenda na kurudi. Mara nyingi watu kumi wakichangiana hulipa kidogo kuliko kila mmoja kivyake.

Hali ya hewa na mavazi

Watu wa Pwani hukosea hapa. Loitokitok iko juu sana kuliko Mombasa, na upepo wa usiku hushuka kutoka mlimani. Beba sweta, soksi, na blanketi jepesi la watoto. Mwisho wa Oktoba ni mwanzo wa mvua za vuli, kwa hiyo beba pia mwavuli na viatu vya kufungwa. Mvua ikinyesha, barabara za vumbi huwa matope meusi yanayonasa magurudumu. Safari ya nje ya lami ifanyike ardhi ikiwa kavu, la sivyo iahirishwe.

Mambo ya bure

*1. Kilimanjaro alfajiri.* Mlima huu una urefu wa mita 5,895, lakini mgeni anaweza kukaa Loitokitok siku mbili asiuone, kwa sababu mawingu huufunika mchana kutwa. Saa ya kuuona ni alfajiri, kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi, na wakati mwingine jioni kabla ya magharibi. Aliyeamka kwa swala ya alfajiri tayari yuko kwenye saa yake.

Ukiwa Loitokitok ukiutazama mlima, kilele kilichochongoka upande wa kushoto ni Mawenzi, chenye mita 5,149. Kile cha mviringo chenye barafu upande wa kulia ni Kibo. Wamaasai huuita mlima huo Oldoinyo Oibor, yaani mlima mweupe. Wachaga, wanaoishi upande wa pili, wana kisa cha Mawenzi aliyekuwa mvivu wa kutunza moto wake, kila mara akimwendea Kibo kuomba kaa. Siku moja Kibo alichoka, akashika mchi akamtwanga, na ndiyo maana Mawenzi ana mapengo hadi leo. Msimulie mtoto kisa hicho akiwa anavitazama vilele vyenyewe.

Kuutazama ni bure, kuupanda si bure. Njia za kupanda ziko Tanzania, ndani ya hifadhi ya taifa, na hulipiwa ada kubwa kupitia kampuni zenye leseni. Mtu akikuahidi kukupandisha kwa bei ya chini kutokea upande wa Kenya, mkatae. Vilevile usitembee kuelekea mlimani bila kujua mpaka uko wapi. Kuvuka kwenda Tanzania kunataka hati na kituo rasmi, kama kile cha Illasit na Tarakea.

*2. Gulio la Loitokitok.* Siku za gulio ni Jumanne na Jumamosi, kwa hiyo anayefika Ijumaa jioni huamka akiwa katikati ya shughuli. Mashamba ya huku hunyweshwa kwa maji ya chemchemi za mlimani, na ndiyo sababu nyanya na vitunguu ni tele. Utakuta pia mahindi, maharagwe, ndizi, shuka nyekundu na za buluu, shanga, na viatu vya matairi. Kutembea hakulipiwi. Mwenye kutaka kununua, bei huwa njema zaidi mchana wafanyabiashara wanapofunga. Gulio la mifugo la Kimana ni Jumanne, na linamfaa aliyeongeza siku za likizo.

*3. Lava ya Shetani.* Hii ndiyo sehemu inayoufaa mno usiku wa Halloween, na jina lake ni la Kiswahili. Ukitoka Kimana kuelekea mashariki kwenye geti la Chyulu la Hifadhi ya Tsavo Magharibi, takriban kilomita 4 kabla ya kufika getini, barabara inapita katikati ya uwanja wa mawe meusi. Mawe hayo yalikuwa uji wa moto uliotoka ardhini miaka mia kadhaa iliyopita. Wenyeji walioona ardhi ikitapika moto waliamini kwamba shetani mwenyewe ametoka chini, na jina likabaki. Hadi leo miti ni michache juu yake.

Kwa kuwa eneo hilo liko kabla ya geti, anayetokea Kimana hulipi kitu kuliona. Gharama yako ni gari tu. Barabara ni ya vumbi na mawe, si ya bodaboda wala ya gari la chini. Kodini gari moja lenye dereva wa Kimana au Loitokitok, mchangiane, na mtenge siku nzima. Vaeni viatu vigumu, maana mawe hukata kama vioo, na msiingie katika mashimo na mapango bila mwenyeji. Wanyama wakali hupita huko.

Mtu wa Mombasa ana sababu ya pekee ya kuyatazama mawe hayo. Vilima vya Chyulu vyote ni vya volkeno. Mvua inyeshayo juu yake haitiririki mtoni, bali huzama katika mawe yenye vitundu, ikasafiri chini kwa chini, ikatokea chemchemi za Mzima. Kutoka Mzima, bomba lililojengwa miaka ya 1950 huleta maji Mombasa. Mawe haya tunayoyaita ya shetani ni ndugu wa mawe yanayotuchujia maji ya kunywa.

*4. Ndovu na twiga kando ya barabara.* Amboseli yenyewe ni kilomita za mraba 392 tu, na wanyama hawakai ndani ya mpaka usio na ua. Hutoka kutafuta malisho katika ardhi ya jamii, wakipitia ushoroba wa Kimana. Asubuhi na jioni, msafiri wa matatu kati ya Mbirikani na Kimana huweza kuwaona pundamilia, twiga na mara nyingine ndovu bila kulipa chochote. Sharti ni moja: usishuke garini. Ndovu mwenye mtoto hachezewi, na bodaboda si mahali pa kumpigia picha.

*5. Makaburi ya vita, kwa wanaopitia Taveta.* Mkesha wa watakatifu asili yake ni kuwakumbuka waliotangulia. Katika barabara ya Voi hadi Taveta kuna makaburi ya Vita vya Kwanza vya Dunia, yakiwamo ya Voi, ya Wahindi pale Maktau, na ya Taveta. Hutunzwa na tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, na hayana kiingilio. Karibu na Taveta ndiko kuliko kilima cha Salaita, ambako tarehe 12 Februari 1916 jeshi la Afrika Kusini lililokuwa upande wa Waingereza lilishambulia ngome ya Wajerumani na kurudishwa nyuma.

Ukisoma majina kwenye mawe, tafuta na yasiyokuwapo. Maelfu ya wapagazi Waafrika waliobeba risasi na unga katika vita hivyo walikufa kwa maradhi na njaa, na wengi wao hawana kaburi lenye jina. Mwaka 2021 tume hiyo yenyewe ilichapisha ripoti iliyokiri kwamba Waafrika na Waasia hawakukumbukwa sawa na Wazungu. Ni jambo la kuwaeleza vijana pale pale, kwa sauti ya chini. Usipande juu ya makaburi, na usipige picha za mzaha za Halloween.

*6. Usiku wa hadithi.* Ukishakula, huna haja ya klabu. Kaeni uani kwa mwenyeji au kwenye gesti, mzime simu, msimuliane. Pwani hatuna upungufu wa visa vya majini na mazimwi. Wamaasai nao wana wao. Kitabu cha A. C. Hollis kuhusu lugha na hadithi za Wamaasai, kilichochapishwa mwaka 1905, kinamtaja Nenaunir, zimwi aliyekuwa simba kisha akageuka, upande mmoja mtu, upande mwingine jiwe. Hukaa msituni na kumwita mpita njia kwa upole, akimwomba amsaidie kuinua mzigo wa kuni. Anayeitika na kwenda, harudi.

Mwalikeni mzee wa pale awape kisa kimoja, nanyi mumpe kimoja cha kwenu. Muda wa hadithi ukiisha, kila mtu abaki ndani ya ua. Fisi na ndovu hutembea usiku pembezoni mwa mji, na hao si wa hadithi.

Mambo ya bei nafuu

*Boga moja, kazi mbili.* Nunua boga sokoni. Kata kifuniko juu, komba nyama yote ya ndani uiweke bakulini, kisha mtoto achore macho na mdomo, na mtu mzima ndiye akate. Weka mshumaa mfupi au tochi ndogo ndani. Nyama ya boga ipikwe kwa tui la nazi, sukari kidogo na iliki, kama tunavyopika kwetu mwezi wa Ramadhani. Nazi huku ni adimu na ghali, kwa hiyo beba yako kutoka nyumbani. Mbegu zikaushwe na kukaangwa kwa chumvi. Kwa bei ya boga moja mmepata taa, futari na kitafunio.

*Chakula cha safari.* Mahamri, kaimati, mbaazi kwenye chupa ya moto, na maji. Chakula cha treni na cha vituoni ndicho kinachomaliza mfuko. Loitokitok ina hoteli ndogo za chai, wali na nyama, na msikiti upo, kwa hiyo Mwislamu anayetaka kujua nyama imechinjwa na nani aulize hapo msikitini ataelekezwa.

*Kutembelea boma.* Yapo maboma yanayopokea wageni kwa malipo. Bei ya mtalii wa ng'ambo si lazima iwe bei ya familia kutoka Likoni. Ulizeni kabla ya kuingia: ni kiasi gani kwa kundi zima, ni pamoja na picha au la, na pesa anapewa nani. Mkikubaliana, lipeni mlichokubaliana bila kupunguza mlangoni mkitoka. Vito vya shanga vinunuliwe kwa mama aliyevitunga pale pale, kuliko duka la barabarani.

*Kimana Sanctuary.* Hifadhi hii ndogo ya jamii ilifunguliwa mwaka 1996 katika ardhi ya ranchi ya pamoja ya Kimana. Ina kiingilio, lakini iko karibu na mji, kwa hiyo gharama ya gari hupungua. Ndipo pia yanapofanyika Michezo ya Olimpiki ya Wamaasai, iliyoanza mwaka 2012 na hufanyika mwezi wa Desemba kila baada ya miaka miwili. Vijana hushindana kurusha rungu na mkuki, kuruka juu na kukimbia, mahali pa ile desturi ya kuua simba ili kuonyesha ushujaa. Bingwa wa zamani wa dunia wa mita 800, David Rudisha, amekuwa mlezi wa michezo hiyo. Anayeipenda aandike kwenye kalenda, maana Oktoba si wakati wake.

*Amboseli, ikiwa fedha zipo.* Hii si ya bei nafuu, lakini inaweza kupunguzwa. Mwananchi hulipa kwa kiwango cha chini kuliko mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho, na vyeti vya watoto. Malipo hufanywa kupitia eCitizen, si pesa taslimu getini; lipa ukiwa bado mjini kwenye mtandao mzuri. Jazeni gari moja badala ya mawili. Ingieni mapema, maana tiketi ni ya siku na wanyama huonekana vizuri asubuhi. Familia za ndovu wa huko zimekuwa zikifuatiliwa na mtafiti Cynthia Moss na wenzake tangu mwaka 1972, kila ndovu kwa jina lake.

*Kwa walio Kitengela na wasioweza kusafiri mbali.* Kitengela Glass, karakana ya vioo iliyoanzishwa na msanii Nani Croze, iko ukingoni mwa bonde la Mbagathi. Vioo vikuukuu huyeyushwa na kuwa vyombo na shanga, na bustani yake imejaa sanamu za ajabu zinazofaa watoto wa Halloween kuliko kinyago chochote cha plastiki. Pigeni simu kabla ya kwenda mjue kiingilio na siku mafundi wanapofanya kazi ya moto.

Nani analipia kilicho bure

Mwezi Mei 2023, simba 6 waliuawa Mbirikani, pale pale matatu yako inapopita, baada ya kuingia bomani na kuua mbuzi 11 na mbwa. Habari hiyo ilizunguka dunia, na watu wengi walihuzunikia simba. Waliouliza habari za mwenye mbuzi walikuwa wachache. Ilikuwa baada ya ukame mkali uliomaliza ng'ombe wengi wa Kajiado mwaka 2022, na mbuzi ndio waliokuwa akiba ya mwisho ya nyumba nyingi.

Ndovu tunayemtazama kwa furaha dirishani ndiye anayevunja ua wa nyanya usiku. Maji nayo ni hivyo hivyo: chemchemi ya Nolturesh, iliyoko Loitokitok, hupeleka maji kwa bomba hadi Machakos na Athi River, huku mfugaji wa jirani akiswaga ng'ombe mbali kutafuta pa kunywesha. Sisi wa Mombasa tunaokunywa ya Mzima tusijifanye tuko mbali na jambo hilo.

Kwa hiyo adabu za mgeni huku ndiyo malipo yake, na ni hizi:

- Salimu kwanza. Mwanamume husalimiwa "Sopa", naye hujibu "Epa". Mwanamke husalimiwa "Takwenya", naye hujibu "Iko". Asante ni "Ashe". Mtoto wa Kimaasai huinamisha kichwa ili mkubwa amguse utosini. Mguse, usimpite. Ni kama shikamoo na marahaba yetu.
- Omba ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu, ng'ombe wake au nyumba yake. Akikataa, imekwisha.
- Ukitaka kupita au kuketi mahali pasipo ua, muulize mchungaji wa karibu. Pasipo na ua pana mwenyewe pia.
- Usitupe chupa wala mifuko. Ng'ombe akimeza plastiki hufa, na mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu mwaka 2017.
- Nunua kitu, hata kama ni nyanya za kilo moja. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone.
- Usiwatishe watoto wa watu kwa vinyago barabarani, wala usivae kinyago usiku. Mahali ambapo walinzi wanangoja simba, mzaha wa gizani unaweza kuleta maafa.

Mpango wa siku tatu

*Ijumaa.* Treni ya asubuhi hadi Emali, mle mlichobeba, matatu hadi Loitokitok. Mtafute gesti kabla ya giza, na muulize bei ya chumba pamoja na maji ya moto. Jioni tazameni mlima kama mawingu yamefunguka.

*Jumamosi.* Mlima alfajiri, kisha gulio hadi saa sita. Mnunue boga na shanga. Alasiri kutembelea boma mlilokubaliana nalo. Usiku taa ya boga na hadithi.

*Jumapili.* Kundi lenye gari la kukodi liondoke mapema kwenda kwenye lava ya Shetani, na lirudi Kimana kabla ya magharibi. Wasio na gari washike njia ya Emali asubuhi, wakitazama dirishani kati ya Kimana na Mbirikani. Anayeondoka Jumapili ahakikishe tiketi ya treni ya kurudi ameikata tangu Mombasa, la sivyo atalala Emali bila kupanga, na akiba yote itaishia hapo. Atakayekwenda kwenye lava ahesabu siku ya nne ya kurudi.

Wazee walisema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Kwa safari hii, ongezeni kwamba anayeokota amsalimu kwanza mwenye shamba.